Mkunga na Soya ya Mama

Pale kwenye ghala la mbegu walimwita Mkunga, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuotesha mbegu kwenye karatasi zenye unyevu, kuona ngapi zinaamka, kisha kuitupa miche yote pipani. Miaka nenda rudi aliotesha na kutupa. Hakuwahi kupanda hata mmoja.

Siku mdogo wake alipoingia mbio na kopo mkononi, Mkunga alilitambua kabla halijafunguliwa. Soya ya marehemu mama yao! Ile nyeupe ambayo majirani wote walishaipoteza, na wao wenyewe waliisahau kabatini tangu msiba.

"Dada, usinigombeze," mdogo mtu alisema akihema. "Nusu nimeiloweka usiku kucha, kama alivyokuwa akifanya mama."

"Ikawaje?"

"Imekuwa uji."

Mkunga alishika kichwa. Angemchapa, ila mdogo mwenyewe ana wajukuu.

"Mama alikuwa analoweka mbegu za msimu uleule! Hizi zimezeeka. Tazama ganda." Alisogeza punje dirishani, ngozi yake ilikuwa na nyufa nyembamba kila upande. "Mbegu ikiwa changa, ganda linapitisha maji taratibu. Ikizeeka, linapasuka, maji yanaingia kwa fujo na kuchana kila kitu ndani. Hizi tuzinyweshe kama mgonjwa, kidogo kidogo."

Akatandika kitambaa chenye unyevu kwenye sinia, akapanga zilizobaki, akafunika. Kila mdogo wake alipokuja kuchungulia na kikombe cha maji, alipigwa kikofi mkononi. Maana zikifa hizi, basi, soya ya mama imekwisha. Punje moja moja zikaanza kuoza. Mkunga alizitoa zisije zikaambukiza nyingine.

Asubuhi moja alipiga ukelele mpaka mlinzi akaja na rungu, mdogo wake akimfuata nyuma.

"Kimetoka! Njooni muone, kimetoka!"

Kizizi cheupe kilikuwa kimejikunja, kinasukuma ganda. Pembeni kingine. Na kule kingine! Mdogo wake alicheka huku analia, na Mkunga, mtu mzima na heshima zake, akajikuta anarukaruka na viatu vya kazi.

Walipotulia, akabeba sinia. Miguu ilivyozoea, ikampeleka moja kwa moja hadi kwenye pipa. Akasimama pale, akajicheka, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Jembe la mama liko wapi?"