Waliohamia Kwa Cucu

Nilipokuwa mtoto, kijiji chetu kiligeuka kisiwa kila msimu wa mvua. Si kisiwa cha baharini. Bahari niliiona nikiwa mtu mzima, na wala haikunishangaza sana. Tuliishi kati ya mito miwili, bondeni chini ya Ishiara. Mvua ikinyesha sawasawa, mito yote miwili ilifurika na barabara ikawa tope tupu. Muguka, yale majani ya kutafuna tuliyoyauza, uliochumwa asubuhi ulinyaukia kwenye magunia huku wanunuzi wakitutazama kutoka ng'ambo. Walimu walikwama kwao, nasi watoto tukafurahi kimyakimya. Kisha shangazi yangu Marigu akashikwa na uchungu mto ukiwa umejaa. Alizalia ukingoni, chini ya turubai, na mtoto hakuishi. Baada ya hapo hatukufurahia mafuriko tena.

Kwa hiyo tulipoambiwa barabara itapanuliwa na daraja kujengwa, Cucu, nyanya yangu aliyewazaa Marigu na baba yangu, alipalilia ndengu zake akiimba siku nzima.

Tatizo lilikuwa mkuyu. Ulisimama pale pale daraja lilipopaswa kuanzia, na sisi tulikatazwa hata kuunyoshea kidole. Watu wa kwanza walipofyeka mashamba, tuliambiwa, waliuacha mti huo mmoja ili wale waliokaa katika miti mingine wapate pa kuhamia. Hakuna aliyewataja kwa jina, tulisema tu "wenyewe." Ambaye angeukata mti bila kuwahamisha, wenyewe wangemfuata hadi kwake.

Vijana wetu walioandikwa vibarua waliweka panga chini. Dereva wa tingatinga, jitu la miraba minne kutoka Timau aliyeitwa Kimathi, alizima injini.

"Mimi niko na watoto," alisema. "Kama kuna mtu anataka kuangusha hii mti, apande hapa juu, nimwachie kiti."

Msimamizi wa kazi hakubishana naye. Alisema tu kwamba mti ukiwa bado umesimama kufikia Ijumaa, mashine zitaenda kwingine, na daraja letu lisubiri.

Jioni hiyo watu walikutana uwanjani kwa kanisa. Namna ya kuwahamisha wenyewe haikuwa siri: unaegemeza fimbo kwenye mti, inalala hapo, asubuhi unaichukua na kuiegemeza kwenye mti mwingine bila kuigusisha chini njiani. Swali lilikuwa mti wa nani. Mzee Nyaga alisema miti yake iko karibu mno na mbuzi. Jirani yake akasema yake bado midogo. Katekista alikohoa, akasema ya kwake ni ya kanisa. Kila mtu alitaka daraja, lakini siku hiyo ungedhani kijiji kizima hakina mti hata mmoja.

Cucu akainuka polepole, maana nyonga ilimsumbua. "Nyuma ya jikoni yangu kuna mti wa mukau," alisema. "Nitawachukua."

Baba aliona haya. "Mama, wewe ni mtu wa kanisa."

"Na Marigu ni mtu wa nani?"



Usiku ule ule aliegemeza fimbo kwenye mkuyu, na asubuhi nilimsindikiza kuichukua. Ile fimbo aliishika kwa mikono miwili, akazungumza na mkuyu kwa adabu, kama mtu anayewaomba radhi wageni. Aliwaambia kwamba wanahama, kwamba kule ni kudogo lakini watatunzwa. Kisha tukapanda kilima. Hakukubali nimsaidie kubeba, wala hakupumzika, na watu waliokuwa njiani waliingia mashambani kutupisha. Alipofika aliiegemeza fimbo kwenye mukau, akamwaga uji kidogo shinani, akaingia jikoni.

Nilimkuta anajaribu kuwasha moto. Kijiti cha kiberiti kilimponyoka, akachukua kingine, nacho kikamponyoka.

"Cucu, unaogopa?"

"Sana," alisema. "Hebu washa wewe."

Mkuyu uliangushwa kabla ya saa sita. Msimu uliofuata magunia yetu yalivuka mvua ikinyesha, na baadaye Marigu alijifungua mapacha hospitalini, wote wazima. Wamekuwa vijana wakubwa sasa, na barabara ile ina lami hadi mlangoni kwa shule.

Cucu naye hakukaa tena nyuma ya jikoni kuchambua ndengu, mahali alipopapenda kuliko pote. Jua likielekea kuzama alifunga mlango kwa komeo. Mbuzi wake alipokufa watu walinong'ona kuwa ni wenyewe, na nadhani hata yeye alijisemea hayo hayo, ingawa hakutuambia. Aliishi miaka mingi, na miaka yote hiyo alilala taa ikiwaka.

Siku hizi kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, hasa na wenzangu waliosoma. Wanasema mama yule alikuwa mjanja, hakuamini hayo mambo, aliwatoa watu hofu ili kazi iendelee. Mimi sicheki. Cucu aliamini kuliko wote waliokuwa uwanjani. Aliamini kwamba anawaleta nyumbani kwake watakaomsumbua hadi kufa, na akawaleta, ili binti yake akishikwa tena na uchungu apate pa kuvukia.