Moshi wa Nushadiri Siku ya Rukia

Mkasa huu watu wa Amu, ambayo wengine huiita Lamu, wamekwisha kuusimulia mpaka umechakaa, kila mmoja ameuongezea chumvi yake, na juzi nimesikia barazani kwamba eti nyumba iliungua na punda wawili walikufa. Hakuna punda aliyekufa. Nyumba haikuungua. Iliyoungua ni heshima yangu, na kwa kuwa ni yangu, heri niisimulie mwenyewe.

Dhiki yangu ilianza mwaka 1968, nikiwa na miaka tisa. Baba alifariki, nikatolewa darasa la pili, nikapelekwa kwa fundi wa shaba kuvukuta mivukuto. Huko ndiko nilikosoma. Wenzangu walijifunza kuandika majina yao, mimi nikajifunza shabu ya kutuliza maji ya birika, mrututu wa buluu wa kuchomea vidonda, kibiriti upele, zebaki inayokimbia mkononi kama mtoto mtundu, tindikali ya kung'arishia fedha, na zaidi ya yote nushadiri, yale mawe meupe kama chumvi ambayo bila yake huwezi kutia bati chombo cha shaba. Sufuria la shaba lisipotiwa bati ndani hutoa kutu ya kijani, na kutu hiyo ni sumu. Basi unalisugua kwa mchanga na ukwaju, unalipasha moto mpaka likolee, unanyunyiza nushadiri, moshi mweupe unafuka, na hapo hapo unapitisha bati kwa pamba, na sufuria linageuka kioo. Kazi hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye dhiki, sikusaidiwa na mtu.

Nilimuoa Bi Zena nikiwa sina kitu. Alikuja kwangu kimyakimya, hakupambwa, hakutolewa nje akakalishwa wanawake wamtazame kama desturi yetu ilivyo. Hakulalamika, lakini tulipomzaa Rukia, binti yetu wa pekee, alisema neno moja tu: "Huyu, inshallah, atatazamwa." Miaka yote hiyo alikuwa akiweka. Kanga, udi, mkufu, kila kitu kina sanduku lake.

Basi siku ikafika. Nikaha ilikwisha kufungwa jana yake msikitini. Bwana harusi ni kijana wa Faza anayefanya kazi Manda, kwenye uwanja wa ndege, na jamaa zake walivuka kutoka gati la Mtangawanda kwa boti, wanaume kwa wanawake. Siku ile alasiri ndiyo Rukia atolewe, na mchana wanaume waandaliwe pilau.

Asubuhi mpishi, Bwana Famau, alitazama ndani ya sufuria langu kubwa la shaba (nililinunua mimi, kwa jasho langu, na nilikuwa nimeapa pilau ya mwanangu itapikwa humo) akatikisa kichwa.

"Bwana Shee, sufuria limevua nguo hili. Nikipika humu tutazika watu kabla ya Isha."

"Litie bati."

"Mimi ni mpishi. Na masufuria ya kukodi yako hapa, tele, tayari."

Hapo ndipo ningesema, haya, pika katika ya kukodi. Neno dogo tu. Lakini watu wa Faza wamekaa kwenye baraza la nyumba ya pili, wananitazama, na mimi wanajua ni mwenye duka na nyumba za kupangisha, hawajui mikono hii ilianzia wapi. Nikataka wajue. Nikavua kanzu nikabaki na kikoi na fulana, nikaagiza makaa, mivukuto na kopo langu la nushadiri ambalo sikulifungua miaka mingi, nikaliweka sufuria katikati ya ua wa ndani. Naam, ndani. Huko nje kwenye ndia, kichochoro chetu, hapakuwa na nafasi ya watu kusimama wakaniona vizuri, ila pale uani mlango ukiachwa wazi kila apitaye anachungulia.

Mwanangu mkubwa, Abudi, mwalimu wa kemia, alikuja mbio.

"Baba, tafadhali, hiyo ni kloridi ya amonia. Usiichome humu. Moshi wake unakaba roho, na wanawake wako juu."

"Amonia ni nani?"

"Ndiyo hiyo nushadiri, baba. Ni kitu kimoja."

"Basi iite jina lake. Nimeichoma hii kabla mamako hajakuzaa, haijamkaba mtu. Hiyo yako ya chupani mwa shule ndiyo inayokaba."

Watu wa barazani, waliokwisha kusogea mlangoni kuchungulia, wakacheka, na mimi kile kicheko nikakiona ni changu. Abudi alikuwa amenifundisha mara nyingi majina yake hayo, salfeti ya hiki, kloridi ya kile, na kila mara nilimjibu kwa mzaha, kwa sababu niliona kana kwamba mtu ameingia nyumbani kwangu akabadilisha majina ya watoto wangu. Lakini kijana hakuwa akinipa jina siku ile. Alikuwa akinipa onyo, na mimi nikasikia jina tu.

Makaa yakawaka, shaba ikakolea. Nikafungua kopo. Nushadiri ilikuwa imevuta unyevu, imeganda kama halua ya juzi, nikasema moyoni, hii imekufa nguvu. Basi mahali pa kutia chembe za kushika kwa kidole na gumba nikatia konzi. Haikutoka kitu cha maana, au mimi sikuwa na subira, nikatia konzi nyingine.

Haikuwa imekufa.

Ule moshi nauona mpaka leo. Mweupe, mzito, ukapanda kama mtu anayejua anakokwenda, ukapita dirisha la kwanza, ukapita la pili, na huko juu ndiko kulikokuwa na Bi Zena, mama wa bwana harusi, wanawake wa mitaa yote, na Rukia amekaa mkekani, nusu ya uso imepakwa, nusu bado. (Nyumba zetu hizi za mawe, moshi ukishaingia ua wa ndani hauna pengine pa kwenda ila juu.) Nikasikia kikohozi kimoja, halafu vikohozi, halafu sauti ikapiga ukelele, "Moto! Nyumba inaungua!"

Mimi nilikuwa nikipaka bati. Wallahi. Nilisema moyoni, nikiacha sasa bati halitashika sawasawa.

Wakateremka. Mtu akikimbia moto haulizi buibui liko wapi. Walinipita wanawake ambao sijapata kuona hata kisigino chao, nywele wazi, mmoja na kitana kimening'inia kichwani, mama wa bwana harusi kashika viatu mkononi na dhahabu inalia, nami nainamisha macho huku nikipiga kelele, "Si moto! Ni nushadiri! Rudini juu!" Nani atarudi juu? Wakatoka wote mpaka kwenye ndia, na ndia yetu upana wake punda wawili hawapishani, imejaa wanaume wa Faza, na bwana harusi yuko katikati yao.

Rukia alitoka wa mwisho. Alikuwa na kanga mbili na miguu mitupu, asumini zimemwagika mabegani, wanja umechuruzika mpaka kidevuni. Akasimama mbele ya wanaume wote wale. Kijana mmoja akageuza uso ukutani, Mungu amlipe, na wengine wakamfuata. Lakini mmoja, mzee mwenzangu, hakuweza kujizuia:

"Bwana Shee, kwetu mgeni hufukizwa udi. Huku Amu mwafukiza nini?"

Bi Zena alivua mtandio wake akamfunika mwanawe, yeye mwenyewe akabaki kichwa kitupu. Kisha akanitazama mimi, na fulana yangu, na pamba mkononi.

"Ulitaka wakuone," akasema. "Haya. Wamekuona."

Moshi ulipotulia wakarudi ndani, wakajaribu kumpamba upya. Macho yalikuwa yamevimba mekundu kama ya mtu mwenye msiba. Rukia akasema hatakaa atazamwe. Mama mkwe akambembeleza, shangazi zake wakambembeleza, na mimi nikasimama nyuma ya pazia nikasema, "Mwanangu, ndoo, njoo ukae hata kidogo, kwa ajili ya mamako."

"Watatazama nini tena, baba?" akajibu. "Si wameshaona?"

Alasiri akavaa buibui lake la kila siku, akapanda boti na mumewe, wakavuka Manda. Wanawake waliokuja na asumini walirudi nazo. Famau alipika katika masufuria ya kukodi na watu wakala. Sufuria langu lilikuwa linang'aa kuliko siku niliyolinunua, hakuna aliyelisifu.

Nimekwenda Manda kumuomba radhi. Alinipa kahawa na mkate wa sinia, akaniambia yamekwisha, na mumewe akacheka kwa adabu. Naamini kwake yamekwisha. Kwa Bi Zena sijauliza. Yale masanduku aliyafunga siku ile ile, akayarudisha chini ya kitanda, na tangu hapo hatujayataja.

Abudi nilimwambia kwamba alisema kweli. Nilimwambia mbele ya mkewe, makusudi, ili isiwe siri. Moshi haujali wewe umesoma wapi wala unauitaje, unamkaba mwenye jina la zamani na mwenye jina jipya sawasawa. Nami sitawasha nushadiri tena chini ya paa, langu wala la mtu, na akija mtu mwenye sufuria la shaba nitamwonyesha njia ya ufukweni.

Leo nina nyumba ya ghorofa Amu, na nyingine mbili za kupangisha. Nina duka la vifaa vya ujenzi. Nina boti ya mashine, punda wanne, na shamba la minazi. Nina sufuria kubwa la shaba lililotiwa bati vizuri sana. Picha ya binti yangu akiwa amepambwa sina, kwa kuwa haikupigwa.