Maana ya jina Khodadad

Leo nimejua maana ya jina la kaka yangu. Tulimzika Jumanne.

Nilikwenda Dilala kwa seremala kuchukua msalaba wake. Umeandikwa: Dieudonné Khodadad.

Mzee mmoja muuza vitambaa, ambaye mama yake alikuwa Mwajemi, alikuwa pale akisubiri mlango aliouagiza. Akausoma.

"Mama, juu ya nini muliandika jina moja mara mbili?"

"Hapana, tata. Ya kwanza ni ya padri. Ile ingine ni ya baba yetu."

"Ni moja tu. Khodadad ni Kiajemi, maana yake: mtoto mwenye Mungu alitoa. Na Dieudonné ni nini? Si ni ile ile kwa Kifaransa?"



Seremala akacheka: "Basi mama, mi nifute moja?"

Nilimwambia ayaache yote mawili.

Seremala hakujua, masikini, habari ya majina hayo.

Wakati wa Wabelgiji, mama aliposhikwa na uchungu, Mwajemi mwenye duka alimpeleka hospitali kwa lori lake. Kwa shukrani, baba akampa mtoto jina la yule mtu.

Shuleni padri akalikataa, eti la kipagani. Akaandika Dieudonné.

Kaka akalipenda hilo jipya, maana lile la kwanza wenzake walikuwa wanalicheka. Baba akaona mwanawe amemkana. Tangu hapo hakumwita kwa jina lolote.

Hata siku ya mwisho ya baba, kaka amemshika mkono, baba alisema tu: "Wewe, leta maji."

Sasa wote wawili hawapo, na mimi ndiyo kwanza nimejua kwamba lilikuwa jina moja.

Ndugu zangu, niambieni: nimweleze nani?