Mzazi wa kukodi, na tajiri wa dagaa asiyejua mwanawe yuko darasa la ngapi

Wakuu, amani iwe juu yenu, wa msikitini na wa kanisani.

Nimemaliza kuswali Alasiri sasa hivi na udhu ninao bado. Haya nimeyaona kwa macho yangu, chumvi sikutia.

Mimi ni mzee wa Ujiji, nafundisha watoto Kurani tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Namshukuru Mungu kwa subira aliyonipa. Mtaona niliihitaji.

Siku moja baada ya Adhuhuri nilimkuta Zaituni ananisubiri nje ya msikiti wa mtaa wetu, Rusimbi. Nilimfundisha akiwa mdogo, sasa yuko kidato cha pili. Mama yake alishafariki.

"Shikamoo Maalim. Naomba kesho uwe babu yangu."

"Marahaba. Mpaka saa ngapi?"

Akacheka, halafu akalia.

Shule ilimrudisha nyumbani kwa utoro, asirudi bila mzazi. Baba yake akasema hana nafasi. Basi binti akafanya wanavyofanya wenzake: akamkodi dereva wa boda wa Katubuka aende kuwa baba. Kumbe dereva huyo wiki hiyohiyo alishakwenda kuwa baba wa mvulana mwingine, wa ukoo mwingine kabisa. Mwalimu akamwuliza, "Baba, wewe una familia ngapi?" Jamaa akawasha pikipiki, hata kofia yake akaiacha.

Mnacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini jiulizeni biashara hiyo imetoka wapi. Mtoto ambaye baba yake anafika shule, wa kukodi wa nini?

Nikamwambia, "Babu wa uongo siwezi kuwa. Twende kwa baba wa kweli."

Baba yake ni tajiri wa dagaa, ufukweni Kibirizi. Ijumaa yuko safu ya mbele, na mkichangisha mikeka ya msikiti yeye ndiye wa kwanza. Jina lake silitaji. Tumwite Tajiri, kama wafanyakazi wake wanavyomwita.

Tulimkuta mchangani, penye dagaa walioanikwa. Aliokota dagaa mmoja, akamvunja, akamgeukia muuzaji: "Hawa wamelowa mvua ya juzi. Usinidanganye." Kwa kumvunja tu! Nilistaajabu ujuzi wake.

Nikamwuliza, "Tajiri, huyu Zaituni yuko darasa la ngapi?"

Akamtazama mtoto, akatazama ziwa.

"Si yuko la saba?"

Akina mama waliokuwa wakigeuza dagaa wakaangua kicheko. Mmoja wao, mama wa Kibembe asiyemwogopa mtu, akapaza sauti: "Tajiri we! La saba kamaliza hata ile boti yako ya bluu hujainunua!"

"Ninyi geuzeni dagaa," akasema. Kisha kwangu: "Maalim, mimi nalipa kila kinachotakiwa. Kufundisha ni kazi ya mwalimu. Na sasa ni giza, boti zote ziko kazini. Mbalamwezi ikija nitakwenda. Wakimsumbua sana aache, aje hapa, kazi ipo."

Kwa msiokaa kando ya ziwa hili: dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, boti hupumzika. Kwa hiyo udhuru wake ulikuwa na akili, nikaupokea. Nikaenda kwa mwalimu wa malezi, nikasema mimi si ndugu wa binti huyu, namwombea tu apokewe mpaka mbalamwezi. Mwalimu akakubali, ila akaonya: mbalamwezi ikipita bila mzazi, shule ndiyo basi.

Mbalamwezi ikaja. Boti zikalala mchangani. Nikamkuta Tajiri anacheza drafti.

"Leo tunashona nyavu, Maalim."

Wakuu, umri wangu unatosha kujua nyavu zinavyoshonwa. Hazishonwi kwa vizibo vya soda.

Kilichomtoa pale si mimi, wala hofu ya Mungu. Ni wale akina mama. Walikuwa wameshampa jina: Baba La Saba. Yule wa Kibembe akapita na beseni kichwani.

"Baba La Saba, umeshaingiza kingi? Na mtoto je, umeshamwingiza shule?"

Wachezaji wenzake wakacheka mpaka vizibo vikamwagika. Akainuka, akaahidi kesho.

Kesho yake nilitangulia nikamngojea getini. Alifika amevaa kanzu ya Idi, simu mbili mkononi. Mlinzi akampima juu mpaka chini: "Mzee, wewe wa kweli au wa kukodi?"

Sijawahi kusikia swali la haki kuliko hilo.

Ndani, mwalimu naye hakumwamini. Mwanao yuko mkondo gani? Hajui. Rafiki yake nani? Hajui. Ikabidi Zaituni aitwe amtambue, kama mzigo uliopotea bandarini.

"Huyu ni nani wako?"

Mtoto akainamisha kichwa. Tajiri akazitia simu zote mbili mfukoni.

"Ni baba. Wa kweli."

"Haya, mwambie siku ambazo hukuja shule ulikuwa wapi."

"Kibirizi. Nageuza dagaa. Baba alisema wakiwa wengi niende nikasaidie."

Agizo alilitoa Tajiri mwenyewe, akalisahau. Siku zote hizo mtoro alikuwa kwenye mchanga wake mwenyewe, saa za masomo, kavaa sketi ya shule. Bwana anayemjua dagaa aliyelowa juzi hakumwona mwanawe mchana kweupe.

Mwalimu akampokea binti, kwa sharti asiitwe tena mchangani saa za masomo.

Alhamdulillahi, Zaituni yuko shule. Si wa kwanza darasani, siwadanganyi. Lakini hakosi, na kicheko kimemrudia. Juzi tulikutana njiani.

"Maalim, baba kaniuliza leo tumesoma nini."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia aje amwulize mwalimu."

"Akaja?"

"Kaja. Mlinzi kamwuliza tena lile swali."

Nilichojifunza ni hiki. Tunamwomba Mungu watoto, naye anatupa, kisha tunawaachia madereva wa boda. Tukishalipa ada tunajiona tumemaliza ulezi.

Karibuni mchangie, wakuu. Ila ukianza, taja kwanza mwanao anakaa dawati moja na nani. Usiyejua usinitukane, nenda nyumbani ukaulize, uzi huu wa jukwaani utakusubiri.