Papa Wawili Mbele ya Komini

Nakumbuka siku moja nilitoka komini, ofisi ya serikali ya mtaa hapa Kisangani, nikicheka na kulia kwa pamoja, wapita njia wakidhani nimerukwa na akili. Kaa, mwanangu, nikusimulie, maana umembeba mtoto mchanga na bado hujaenda kumwandikisha.

Nilikuwa msichana, nimechumbiwa, harusi iko mlangoni. Mimi na mchumba wangu tukapeleka vyeti vyetu vya kuzaliwa komini. Karani akasoma changu, akasema siku ya ndoa nimlete baba yangu, Amisi, asimame upande wangu. Amisi! Huyo alikuwa tonton yangu, mdogo wake papa, baba yangu mzazi. Papa mwenyewe aliitwa Saidi, alifanya kazi kwenye mashamba ya Yangambi, na kila akija kututembelea kwa mashua alinishikisha mimi ndizi kwanza, kabla hata ya kumsalimu mama.

Nilikwenda mbio kwa tonton. Unadhani alishtuka? Wapi! Akanieleza kwamba nilipozaliwa papa alikuwa Yangambi, hana njia ya kuja, na muda wa kuandikisha mtoto ulikuwa unakwisha. Basi akaenda yeye. Alipoulizwa baba wa mtoto ni nani, akajitaja. Sisi wenye asili ya Maniema, mtoto wa kaka yako ni wako, na ukisema vingine watu wanakuona una roho mbaya. Ila serikali haihesabu hivyo, na tonton hakulifikiria hilo.

Papa alipofika tukamwambia. Akavua kofia, akaishika mikononi. Suti alikuwa ameshashona, jamani! Aje kukaa nyuma na wageni wakati binti yake anaolewa? Roho iliniuma sana. Tonton akataka kulimaliza upesi: alimjua mtu wa kibanda cha kuchapa, angetutolea cheti kingine siku hiyo hiyo. Nami, kwa haraka ya harusi, nilikuwa tayari nimevaa viatu. Papa akasimama mlangoni.

"Hapana," akasema. "Mimi niko papa ya huyu mutoto mchana kweupe. Siwezi kuandikwa kwa kujificha."

Bon, tukaenda tribunali, mahakamani kwenyewe. Nilipeleka ombi langu, mama akatoa ushahidi, kisha akaitwa tonton. Shati lilimlowa jasho, masikini. Alijua kwamba kusema kweli ni kukubali mbele ya hakimu kuwa alidanganya, na wageni wa harusi walikwishaanza safari. Nilishika mkono wa mama nikaubana.

"Nilimuandikisha mutoto wa kaka yangu sababu sikutaka akose papa," akasema. "Leo papa yake iko hapa. Mumuandike."

Hakimu alimkemea vizuri, kisha akakubali ombi. Hukumu ilitoka wiki ile ile ya harusi! Nikaipeleka komini, na afisa akaandika pembeni mwa maandishi ya zamani kwamba baba yangu ni Saidi. Ndiyo siku ile ya kucheka na kulia. Nilifika nyumbani pumzi zimeniishia, nikamsomea papa, akaniambia nisome tena, nikasoma, akaomba tena.

Siku ya ndoa afisa akaita baba wa bibi harusi. Papa aliinuka kabla afisa hajamaliza kusema, akamvuta tonton kwa mkono, wakaja wote. Afisa akacheka, akasema anahitaji mmoja tu.

"Kwenye karatasi iko mimi," papa akamjibu. "Kwenye nyumba tuko wawili."

Ukumbi mzima ulilipuka kwa vigelegele, mwanangu. Mpaka leo nikikumbuka moyo unanidunda.

Basi nisikilize. Mwandikishe mtoto wako mapema, kwa majina ya waliomzaa, hata kama aliyemlea atakuwa mwingine. Mlezi mpe heshima yake nyumbani na mezani, hapo hakuna wa kumfuta. Na ukikuta kosa kwenye cheti, usimtafute mtu wa kibanda. Nenda tribunali, subiri, sema kweli hata kama jasho linakutoka. Jina lililopatikana hivyo mtoto ataweza kulitaja popote bila kugeuka nyuma.

Mungu amkuze huyo uliyembeba. Siku atakayoitwa mbele za watu, akute watu wake wote wameshasimama.