Kurasa Mia na Ishirini za Viazi

Kitabu kikiwa kimoja na wasomaji wawili, hapa Kasongo tunajua la kufanya: unakikata. Kitabu cha hesabu cha darasa letu kimekatwa vipande saba, na mimi mwaka mzima nilikaa na kipande cha katikati, ndiyo maana hesabu naijua kuanzia katikati. Mwanzo wake namuuliza jirani. Wembe, rula, pumzi moja. Ukimaliza kipande chako, unapitisha. Hakuna anayelia.

Kwa hiyo kaka yangu aliporudi kutoka Bukavu na kile kitabu cha pili, nilishika wembe kabla sijamuuliza habari za safari.

Cha kwanza tulikuwa tumekisoma mwaka wa tatu, mimi na rafiki yangu. Kilikuwa cha Kifaransa, kimetoka kwenye kabati ya shule ambayo panya walikuwa wameisoma kabla yetu. Kinasimulia msichana wa miaka kumi na sita aliyezaliwa shimoni, kwenye machimbo ya mwezi mmoja wa angani, wa vumbi jekundu, akaiba chombo cha anga cha mabwana wa machimbo, akaruka nacho. Sisi vumbi hilo tunalijua. Wajomba zetu wanarudi nalo kwenye kope kutoka machimbo ya Lusangi. Tulisoma vichwa viwili juu ya ukurasa mmoja. Yeye alikuwa mwepesi kunishinda, akawa ananisubiri chini ya ukurasa na kuninong'oneza: "We, unasoma ao unasali?" Saa nane mchana, jua limelaza mji mzima, hata kuku wamefumba macho, sisi tuko juu ya mawingu ya rangi ya maziwa, tunaelea, na miguu yetu imebaki chini kwenye mkeka. Mama alinituma maji, nikaenda na ndoo, nikarudi na ndoo tupu. Akasema nimerogwa. Nikamwambia nimerogwa na Wafaransa. Nilichota mara tatu siku ile.

Kitabu kiliishia pale chombo kinapoingia kwenye mlango mweusi wa anga. Hatukujua ng'ambo kuna nini. Halafu mama ya rafiki yangu akaumwa mgongo kule kwao, nje kidogo ya Kabambare, na yeye akaitwa kwenda kushika shamba. Mwaka mmoja, walisema. Baba yake alimwambia mbele yangu: "Mwaka ukiisha, utaamua mwenyewe, kurudi masomoni ao kubaki." Mimi nikacheka. Nani atabaki Kabambare na mihogo wakati msichana wetu amening'inia mlangoni mwa anga?

Basi nikakikata cha pili pale inapoishia sura ya kumi na mbili. Nusu ya kwanza niliisoma siku mbili, na hadi leo nikifumba macho naiona. Ng'ambo ya mlango kulikuwa na mji usio na sakafu, nyumba zimetundikwa kama viota vya ndege chozi, majua mawili, moja la asubuhi na moja la kujuta. Watu wa kule walikuwa wakizungumza kwa kubadilisha rangi ya viganja. Nilitembea Kasongo nikiangalia viganja vya watu. Sheikh alinipa salamu, mimi nikamwangalia mkono tu. Akadhani kuna kitu kimemganda kiganjani.

Nikaifunga nusu ile na barua kwenye mfuko wa chumvi, nikampa dereva wa pikipiki anayekwenda Kabambare kila juma, ndipo nikafungua nusu ya pili.

Chombo kinatua kwenye dunia ya matope kutengenezwa. Vizuri. Kuna bibi kizee mgonjwa. Sawa, mwache amsaidie. Msichana anapanda viazi. Sura inayofuata, anapalilia viazi. Inayofuata, mvua imechelewa, anaviwaza viazi. Nikaruka kurasa kumi: viazi. Nikaruka ishirini: vimeota. Kurasa mia na ishirini, wallahi, na chombo kimekaa uani kama pikipiki iliyokosa esanse. Niliacha hapo. Sikupewa macho mawili ili nisome kwa Kifaransa kazi ninayoikimbia kwa Kiswahili.

Ingeishia hapo, hasira yangu na mwandishi, kama si barua iliyorudi na dereva yule yule. Rafiki yangu aliandika: "Nusu hii imenirudishia akili. Nikiisoma ninaona kabisa nitarudi Kasongo. Tuma ingine mbio."

Nilikaa na karatasi ile kwenye kizingiti, mchana ukipita mbele yangu polepole, na kwa mara ya kwanza kitabu kilinitisha. Mwaka wake ulikuwa unaisha. Alitakiwa kuamua. Na mimi nilikuwa nimeshika kurasa mia na ishirini za msichana mwenye akili aliyeacha anga akabaki na jembe na mgonjwa, na akatabasamu. Nikizituma, nani atamrudisha?

Nikamwandikia kwamba nusu ya pili imelowa mvua.

Akajibu: "Tuma ikiwa imelowa. Huku kuna jua."

Nikaandika kwamba, kusema kweli, mbuzi wa jirani ameila.

Akajibu: "Mbuzi gani wa Kasongo anasoma Kifaransa? Wewe mwenyewe kinakushinda."

Nikaandika kwamba mkuu wa shule ameichukua. Hapo hakujibu, na vakansi za shule zikafika ukingoni, na mama akanipa ruhusa ya siku nne kwenda kumwona.

Njia ya Kabambare ukiwa nyuma ya pikipiki si njia, ni usingizi mrefu wenye matuta. Majani marefu pande zote mbili, kisha ghafla kipande cha msitu chenye baridi ya chini ya mtungi, kisha majani tena. Mvua mbili za kwanza zilikuwa zimepiga na udongo ulinuka kama kitu kilichoamka. Mabonde yalipita chini yetu taratibu, na mimi nikawa siko kwenye pikipiki tena. Niliona nyumba zimetundikwa hewani juu ya mianzi, watu wananipungia viganja vya zambarau. Dereva akaniambia bila kugeuka: "Mutoto, ukisinzia utaamkia kwa mababu." Tulivuka kijito juu ya miti minne iliyolazwa, yeye akisukuma, mimi nikibeba mfuko kichwani. Ndani ya mfuko mlikuwa na nguo mbili, sabuni ya mama yake, na nusu ya pili. Sikuwa nimeamua kama nitaitoa.

Mama yake alikuwa kwenye kiti uani, mgongo umenyooka kwa mto. "Karibu mwanangu," akasema. "Umekuwa murefu na umekonda, kama antena. Kwenu hamule?"

"Wanakula, mama. Mimi ninapokea mawimbi tu."

Rafiki yangu alitoka nyuma ya nyumba, mikono ina udongo hadi kwenye viwiko. Hakunikumbatia. Alichukua mfuko wangu, akaingiza mkono moja kwa moja chini ya nguo, akaitoa nusu ya pili, kavu, nzima, kona zote zimekaa. Akaigeuza.

"Mbuzi wenu ana adabu," akasema. "Ametapika bila kukunja ukurasa."

Nikaitoa sabuni mfukoni, nikampa mama yake kwa mikono miwili.

Alinawa, akakaa mkekani, akasoma. Mimi nikapewa karanga za mbegu nimenye, nikawa ninamenya na kumchungulia usoni. Nilijua chombo kinatua ukurasa gani. Nilingoja aguse paji la uso, asonye, aitupe. Alasiri ilikuwa nzito na ya dhahabu, nzi wawili walizunguka kama yale majua mawili, sauti ya mtu akitwanga ilitoka mbali, na yeye akageuza ukurasa, akageuza, midomo ikitembea kidogo. Hakusonya. Kesho yake asubuhi akaendelea baada ya kufagia. Saa nne akaweka jani la mgomba kati ya kurasa na kunitazama.

"Uliacha wapi?"

"Kwenye viazi."

"Viazi gani? Viko kila mahali."

"Ndiyo shida yenyewe."

Akacheka kidogo. Kisha akanionyesha mahali. Msichana anaingiza kidole ardhini hadi kwenye kiungo cha pili, asikie kama maji yameshuka, kabla ya kupanda. "Mimi ninafanya hivi," akasema, akainua kidole chenyewe. "Kila siku. Sikujua mutu anaweza kukiandika." Akafungua kwingine. "Ila hapa amepanda vibaya, macho ya viazi yote chini. Mwandishi huyu alikosa mutu wa kumuuliza."

"Kwa hiyo ni kizuri?"

"Ile nusu ya juu ni nzuri kama ndoto. Hii mimi naishi ndani." Akaifunga. "Uliificha juu ya sababu gani?"

Ningeweza kutengeneza mbuzi mwingine. Mama yake alikuwa amefumba macho pale kitini, lakini niliona anasikiliza. Nikasema: "Nilisema moyoni ukiisoma utabaki."

Alichokonoa udongo chini ya ukucha.

"Nilikuwa nimekwisha kuamua tangu kiangazi kinaanza," akasema. "Ninabaki. Mgongo wa mama si wa mwaka mmoja, na shamba limenijua. Nilikuandikia nitarudi kwa sababu ulikuwa unafurahi sana kwenye barua. Nilikuwa ninakudanganya, mimi pia."

Nilitaka kukasirikia kitabu. Ndicho nilichokuja nacho njia yote ile, hasira safi, iliyokunjwa vizuri. Sasa haikuwa na pa kukaa. Nililiona darasa akilini, mahali pake karibu na dirisha, hayupo, na kengele inalia, na mimi ninafanya mzaha na hakuna anayenisubiri chini ya ukurasa.

"Iko sura moja imebaki," akasema. "Sikuisoma. Wewe hukufika, kwa hiyo nimekuwekea. Lakini mvua inakuja na mbegu zako umezimenya nusu saa kwa punje. Twende, utasoma huku ninapanda."

Tukaenda. Shamba lilikuwa refu, jeusi, linatoa mvuke mwepesi, na ukungu ulikuwa umeacha vilima vikielea bila miguu. Yeye aliinama mwanzo wa mstari. Kisigino kinachimba, punje mbili, kidole cha mguu kinafukia. Mimi nikawa ninatembea kinyumenyume mbele yake na kitabu, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili chetu kwa sauti. Katika sura ile ya mwisho hakutokei kitu. Msichana anaezeka paa. Bibi kizee anamwambia ameezeka vibaya. Anaanza tena. Mahali fulani katikati ya mstari nilishindwa kuvumilia, nikasema kwamba hapo ghafla chombo kikawaka moto wa buluu, kikanguruma, kikapasua paa na kumnyakua bibi kizee na sufuria yake.

Hakuinua kichwa. Kisigino, punje mbili, kidole.

"Soma kilichoandikwa," akasema.

Nikarudi juu ya ukurasa, nikasoma kilichoandikwa.