Shina la Tawi Lilitazama Ng'ambo

Likizo yangu ilikuwa imebaki siku mbili, na asubuhi hiyo nilikuwa nikinywesha mbuzi wa mama mtoni, kusini mwa Mutomo. Nasema mto, lakini usitafute maji. Kwetu mto ni mchanga mtupu. Maji yako chini, unachimba mpaka shimo linakufika kiunoni ndipo yanaanza kutoka. Shimo likipatikana linazungushiwa miiba ili ng'ombe wasiingie kuyakoroga, na mlango wake ni tawi moja la mgunga. Anayeteka mwisho hulishika shinani akalivuta kufunga, kwa hiyo shina hubaki limetazama upande alioendea. Mtoto wa kwetu akifika pale anajua aliyemtangulia ameelekea wapi. Hakuna anayetufundisha, tunakua nalo tu.

Mutiso alikuwa amekuja kunitembelea. Alikuwa askari katika seksheni yangu, mtu wa Nunguni, kule milimani ambako maji hutiririka yenyewe na watu hulalamikia matope. Alionja, akatema.

"Koplo, hii maji iko na chumvi! Nyinyi watu wa Mutomo mlikosea nini mkaletwa hapa?"

"Kunywa, wacha maneno."

Alikunywa akicheka, akawamwagia mbuzi yaliyobaki. Nilimpenda sana mtu huyo. Nalisema mapema kwa sababu nikifika mbele sitapata nafasi.

Wiki iliyofuata tulitumwa mashariki mwa Kitui, kwenye nyika inayoelekea Tana, kuwafuata shifta waliokuwa wameua wachungaji wawili na kuondoka na ng'ombe. Hiyo ni miaka ya sitini. Tulikuwa tisa pamoja na sajini wetu, mtu wa kutoka mbali, mwenye haraka na kila kitu. Siku ya tatu maji yakatuishia. Sajini alitaka turudi kwenye lori, mwendo wa siku nzima, na wenzetu wawili hawakuweza hata kumeza mate. Nikamwomba saa moja. Kulikuwa na mto mkavu karibu; nilitafuta mahali ulipopinda chini ya mwamba, tukachimba kwa zamu, na maji yakaja. Jamani, watu walinikumbatia! Sajini mwenyewe alinipiga bega.

Halafu nikafanya ujinga. Mikono yangu yenyewe ilikata miiba, ikazungushia shimo. Nikavuta tawi, nikafunga, shina likitazama ukingo wetu. Hakukuwa na ng'ombe hata mmoja pale. Ni mazoea tu. Ilikuwa kama kumwandikia adui barua: tuko hapa, na kesho tutarudi kuteka. Hata leo nikifikia hapo siwezi kukaa kwenye kiti. Nainuka, nazunguka nyumba, na mke wangu ananiuliza natafuta nini.

Jioni hiyo nilisikia kitu kikivunja vijiti nikaamuru watu walale chini. Tulilala kifudifudi, bunduki tayari, na kichakani akatoka ngiri na watoto wake, mikia juu. Watu walicheka mpaka machozi.

"Koplo wa ngiri," sajini akasema, na jina likanishika papo hapo.

Asubuhi alikuja akifunga mkanda. "Koplo, tuma mtu ajaze chupa. Dakika kumi, tunaondoka."

Nilitazama mtoni.

Tawi lilikuwa limefungwa vizuri. Shina lilitazama ng'ambo.

Mtu alikuwa amelifungua shimo langu, akalifunga, akaenda upande wa pili. Huko kulikuwa na kichaka kizito. Sikudhani. Nilijua.

"Unangoja nini?" sajini akauliza. "Umeona ngiri tena?"

Watu wakacheka.

Nikasema, "Mutiso. Chupa."

Aliteremka na chupa zote shingoni, akipiga mluzi.

Akafika. Akainama ashike tawi.

Ikalia milio mitatu.

Tulijibu kutoka ukingoni, sijui kwa muda gani. Risasi zikiwa bado zinalia nilitoka, nikakimbia wazi kwenye mchanga, nikambeba mgongoni na kurudi naye. Alikuwa ameshakufa. Walio ng'ambo walikimbia na hatukuwapata, wala ng'ombe hatukuwaona.

Kwa kukimbia kule nilipandishwa cheo. Ripoti ilitaja uongozi na ujasiri, na mpaka leo kanisani wananiita nizungumze na vijana juu ya mambo hayo mawili. Nazungumza nikiwa na hasira, wao wanadhani ni ukali wa jeshi. Kukimbia kulikuwa rahisi, nilitaka wanipige. Kilichonishinda ni kusema "Tusishuke" mbele ya watu wanaocheka. Niliona aibu ya ngiri ni kubwa kuliko mtu.

Miezi miwili baadaye nilipanda Nunguni kumwona mama yake. Nilimkuta uani akichambua maharagwe. Alinijua kabla sijajitambulisha, kwa kuwa Mutiso alimsimulia habari zangu.

"Walisema ni wewe ulimbeba."

"Ndio, mwaitu," nikamjibu, kama tunavyomwita mama kwetu.

"Asante, mwanangu."

Ningeweza kuishia hapo. Mguu mmoja ulikuwa tayari unageuka kuondoka. Lakini neno "mwanangu" lilinichoma, nikamwambia yote: miiba, tawi, ngiri, kicheko. Jeshini sikuwa nimemwambia mtu. Alisikiliza bila kutoa mikono kwenye ungo.

"Uliona," akasema, "na ukamtuma."

"Niliona, mwaitu. Nikamtuma."

Akainuka, akaingia ndani, akarudisha mlango polepole. Nilibaki uani kofia mkononi, nisijue kama ninafukuzwa. Nilihesabu kuku, nikawahesabu tena. Jua lilikuwa limesogea sana mlango ulipofunguka, na aliyetoka alikuwa dada yake Mutiso, na kigoda mkono mmoja, sahani ya muthokoi mkono wa pili.

"Mama anasema umetoka mbali, ukule kwanza," aliniambia bila kunitazama. "Yeye hatatoka."

Nikakaa. Mahindi yalikuwa moto, yamepikwa saa ile ile, kwa ajili yangu. Nilikula kijiko kwa kijiko nikimsikia mle ndani akitembea huku na huku, akisimama, akitembea tena. Nilitamani atoke anitukane. Nilikula yote, nikaweka sahani juu ya kigoda, nikangoja kidogo. Hakutoka.